Tarehe ya Muhuri

Jumatano, 6 Februari

Kwa Karani wa Dirisha la Tatu,

Binti, hujambo. Barua yako nimeipata na nimecheka mpaka mkwe wangu akaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Eti unauliza mtu mwenye alama elfu mbili mia moja na arobaini ana shida gani ya kubishana na wewe mwenye elfu moja mia tatu na themanini na tano. Chama ndicho kilichotupanga, siyo mimi. Hata wangenipangia na jiwe ningecheza nalo.

Hatua ya kumi na sita: mfalme wangu anaingia ngomeni. Yeye g1, ngome f1. Huyo kalala, usimsumbue.

Umeniuliza mimi ni nani. Nilikuwa mpima ardhi miaka thelathini na minne. Vibarua wangu waliniita Rula, na mimi nikalizoea jina mpaka likaingia kwenye daftari la chama. Siku hizi nakaa kwa mwanangu na mkewe, ghorofa ya tano. Lifti ilikufa kabla sijahamia. Kushuka naweza, kupanda ndiyo kesi. Dirisha langu linatazama tangi la maji la jengo la jirani, na misumari yake nimeshaihesabu, iko mia moja na kumi na mbili. Saa mbili asubuhi kila mtu anakwenda kazini, na mkwe wangu anafunga mlango kwa nje. "Kwa usalama wako, Baba." Jamani! Hata kuku hufunguliwa asubuhi.

Nina nyumba yangu, binti. Vyumba viwili na kibaraza, kwenye kiwanja nilichokipima kwa mikono hii. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, nikaendelea kukaa peke yangu na sikumsumbua mtu. Mwaka juzi jiko likaachwa linawaka, pazia likashika moto. Mara moja tu! Mwanangu akaja na gari la kuazima, akanibeba mimi na masanduku yangu, na ufunguo wa nyumba akautia kwenye droo yake.

Sasa tumekubaliana hivi. Mwezi wa sita ukoo unakutana hapa. Ikiwa mpaka siku hiyo nitakuwa nimeumudu msimu huu wa sataranji ya posta, kila barua imejibiwa kwa wakati na chama hakijanifungia mchezo hata mmoja kwa kuchelewa, narudishiwa ufunguo wangu na kwenda kwangu. Sharti nililiweka mwenyewe. Nilimwambia, mtu anayekumbuka kete thelathini na mbili kwa miezi minane huyo hajachanganyikiwa. Akafikiri sana, akakubali.

Kwa hiyo jibu upesi. Na usinionee huruma, nitakuumiza.

Mpinzani wako,
Rula


Ijumaa, 15 Februari

Shikamoo Mzee Rula,

Huruma ya kukuonea wewe naitoa wapi? Wewe ndiye uliyenila farasi mchana kweupe hatua ya kumi na moja, nikakaa siku mbili sina hamu ya kula.

Mimi nami mfalme wangu namwingiza ngomeni, lakini upande wa pili, c8. Tukae mbalimbali, tusisikilizane makohozi.

Nami nikujulishe. Niko posta, dirisha la tatu, mwaka wa kumi na moja huu. Kuna kioo, na chini ya kioo kuna tundu la kupitisha mkono, basi watu wengi wa mji huu wananijua mkono tu. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kugeuza tarehe ya muhuri kwa pini. Nikikosea hiyo, nchi nzima imekosea siku. Nimeomba uhamisho mara nne. Bosi anasema, "Wewe ukiondoka, dirisha la tatu nimpe nani?" Kama vile dirisha ni mtoto wangu niliyemzaa. Ubao wangu mdogo nauweka kwenye mtoto wa meza chini ya fomu za rejista, na yeye anadhani ni sanduku la wino. Sataranji yenyewe nilijifunza kwenye kitabu kilichokaa miaka mitatu katika mizigo isiyo na mwenyewe.

Lakini Mzee, kanuni unaijua. Siku kumi na nne, tangu muhuri wangu mpaka muhuri wako. Tarehe unayoiandika juu ya barua chama hakiitazami, wanatazama muhuri. Ukichelewa mara tatu umefungwa hata kama unanishinda. Nakukumbusha kwa sababu ya huo ufunguo wako. Mimi nataka uende kwako, ila kwanza nikutoe jasho.

Ni mimi,
Karani wa Dirisha la Tatu


Alhamisi, 21 Machi

Shikamoo Mzee,

Nimekaa mwezi mzima na zaidi bila barua yako, nikadhani umeugua. Leo imefika. Juu umeandika "22 Februari". Nimegeuza bahasha: muhuri ni wa 18 Machi, tawi la viwandani.

Hapo umepitisha siku kumi na saba. Mimi sikukushtaki, ila katibu wa chama hupelekewa bahasha zote za msimu, ndiyo utaratibu, na ataona tu. Ilikuwaje? Ulisahau kuituma?

Hatua yangu ya kumi na saba: ngome inahamia g8. Unaiona inavyomtazama mfalme wako?

Karani


Jumatano, 27 Machi

Binti,

Kusahau! Mimi?

Barua ile niliiandika siku ileile niliyopata yako. Nakumbuka nilivyolamba gundi, ilikuwa chungu. Nikampa mwanangu mkononi, asubuhi, anavaa viatu. Sina njia nyingine, mimi hata sanduku la barua liko ghorofa tano chini yangu na mlango umefungwa. Mwanangu anafanya kazi kiwanda cha mabomba, posta ya viwandani iko mkabala na geti lao. Anazipeleka yeye, na zako anazichukua kwenye sanduku la posta la kiwanda.

Nilimuuliza jana. Nikasema, "Barua ya karani ulikaa nayo?" Akatazama chini, akasema, "Labda ilichelewa, Baba." Labda! Nikamuuliza mara ya pili, akasema, "Tuseme nilisahau mimi." Mtu anayesema "tuseme" anaficha kitu, nimekaa na mashahidi wa mipaka maisha yangu yote, nawajua.

Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipotoka nilikaa kitandani nikajiuliza: kweli nilimpa? Nikaiona ile asubuhi, viatu, mkono wake. Halafu nikajiuliza kama viatu vile ni vya siku hiyo au vya siku nyingine. Nikikosa hakika na kichwa changu, nimekwisha, maana hapa ndani ndicho kitu pekee ambacho hawajakitia kwenye droo.

Hatua ya kumi na nane: askari h... hapana, nimebadili nia. Ngome ya a inakwenda d1.

Rula


Jumatatu, 13 Mei

Kwa: Mchezaji Rula
Nakala: Karani wa Dirisha la Tatu

Ndugu,

Kwa mujibu wa barua na bahasha zilizopokelewa, mchezaji Rula amevuka muda mara mbili: barua ya 22 Februari iliyopigwa muhuri 18 Machi, na barua ya 14 Aprili iliyopigwa muhuri 3 Mei. Hili ni onyo la mwisho. Akivuka tena, mchezo atapewa mpinzani wake.

Chama kingependa kuongeza kwamba mchezaji Rula ni mwanachama wetu wa miaka ishirini na miwili na hajawahi kuonywa kabla ya msimu huu. Tunamtakia afya njema.

Katibu wa Chama cha Sataranji ya Posta


Jumatatu, 20 Mei

(Kwa rejista, akabidhiwe mwenyewe mkononi)

Shikamoo Mzee wangu,

Umeona nimetuma kwa rejista. Hii hairuhusiwi kuachwa kwenye sanduku la kiwanda. Tarishi atapanda ngazi zote tano akitukana, atagonga mpaka akupate wewe mwenyewe na sahihi yako. Nimemwandikia kwenye fomu aje jioni mlango ukiwa wazi. Nimefanya hivyo makusudi, ili isipite kwa mwanao.

Kaa kitako nikueleze. Mimi kazi yangu ni bahasha. Watu husoma barua, mimi nasoma nje. Nimetandika zako zote sakafuni. Zile zilizofika kwa wakati zimenyooka, safi. Hizi mbili zilizochelewa zimekunjwa katikati, pembe zimechakaa, moja ina alama ya vidole vyenye grisi. Zimekaa mfukoni mwa mtu wa kiwandani. Stempu ulibandika wewe, unabandika chini kidogo kila mara, nishakuzoea. Kwa hiyo uliandika, ulifunga, ulibandika, na ukampa. Aliyekaa nazo ni yeye.

Hukusahau kitu, Mzee! Akili yako haina kasoro. Kuna mtu anakupikia usahaulifu ili ufunguo ubaki kwenye droo. Samahani kwa kumsema mwanao hivi, lakini hasira imenipanda na siwezi kuimeza. Mimi najua kukaa nyuma ya kioo huku mtu mwingine akiamua utatoka lini.

Bahasha zote mbili za asili nimeziweka humu, katibu alinirudishia baada ya kuzinakili. Ziweke mezani ukoo ukikutana. Waulize wanajua kusoma tarehe?

Hatua ya ishirini na tatu: farasi wangu anasimama e5, malkia wangu yuko palepale h4. Una siku kumi na nne kuanzia muhuri wa leo. Tafadhali, tafadhali usichelewe.

Karani


Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu,

Leo nakuita binti yangu na usibishe.

Walikutana juzi Jumamosi. Wajomba wawili wa mwanangu, shangazi yake, na binamu mmoja aliyekuja kula tu. Mwanangu akaanza kwa upole wake ule: Baba amepewa onyo la mwisho, tumwache hapa tulipo karibu naye. Nikamwacha amalize. Kisha nikazitoa bahasha zako mfukoni nikaziweka juu ya kitambaa cha meza, moja, mbili. Nikawaambia watazame tarehe, watazame mikunjo, watazame grisi. Nikamwambia anyooshe mkono wake tulinganishe.

Shangazi yake akasema, "Wewe, ulikaa na barua za baba yako?" Mjomba mkubwa akapiga meza, akamwambia, "Jibu, bwana!" Akasema, "Ndiyo, zilikuwa kwangu." Basi. Hakujitetea hata neno moja. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ufunguo akauweka juu ya bahasha. Macho yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni, aibu hiyo, ukiumbuliwa lazima macho yaume.

Ninao hapa mfukoni. Jumamosi tarehe 15 nahamia kwangu. Peke yangu, mlango naufunga na kuufungua mwenyewe. Nitakunywa chai kibarazani saa nne asubuhi kwa sababu nimetaka.

Tangu barua yako ya rejista nimemkataza kuingia chumbani kwangu. Alikuwa na mtindo wa kuja kunitandikia kitanda kila Jumapili, kumbe anapekua. Sasa natandika mwenyewe. Barua hii nampa mkwe wangu, siyo yeye.

Hatua ya ishirini na nne, na leo ndiyo siku ya kumi na nne, kwa hiyo usiniambie kitu: malkia wangu anakula askari wako wa a7. Bure kabisa! Ulimwacha wazi kama mlango wa kanisa. Nilijua utachoka tu.

Rula, mwenye ufunguo wake


Jumatano, 5 Juni

Kwa Karani wa Dirisha la Tatu,

Salamu. Hunijui. Mimi ni mkwe wa huyo mzee unayecheza naye, yule anayefunga mlango. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha niliyokupelekea juzi.

Dada, sijui nianzie wapi. Nakulaumu na sikulaumu. Umeandika ulichokiona.

Mwezi wa tatu mume wangu alikuwa anabadili shuka za Baba. Chini ya godoro akakuta barua imefungwa, ina stempu, imeandikwa kwako. Akakaa nayo siku nzima hajui afanye nini. Akimwambia Baba kwamba hakumpa, Baba ataumia. Akiiacha, Baba atafungwa mchezo, na ameweka sharti lake mwenyewe. Basi akaitia kwenye mfuko wa ovaroli akaipeleka posta, kimyakimya. Kuanzia hapo kila Jumapili anajifanya kutandika kitanda. Zilizowahi kufika kwa wakati, nyingi ni zile alizozikuta mapema, akazibeba ndani ya gazeti. Hizo mbili alichelewa kuzikuta, akazikunja mfukoni kwa haraka; nyingine ilikuwa ndani ya foronya. Baba mwenyewe anaamini kabisa kwamba anampa mkononi. Anakuelezea mpaka viatu.

Siku ya kikao angeweza kusema. Nilimkanyaga mguu chini ya meza aseme. Usiku aliniambia, "Nimtangaze baba yangu mbele ya wajomba kwamba kachanganyikiwa? Bora mimi niwe mwizi wa barua." Na amenifunga mdomo kwa kiapo nisimwambie Baba. Sikuapa kuhusu wewe.

Jiko halikuachwa linawaka mara moja. Lilikuwa mara tatu. Na mlango naufunga kwa sababu alishuka siku moja akapanda jengo la pili, akagonga mlango wa watu akimtafuta marehemu Mama. Wakamrudisha analia. Hakumbuki.

Jumamosi ya wiki ijayo anakwenda kukaa peke yake. Mimi nikimwambia hataniamini, mimi ndiye askari jela wake. Mume wangu hawezi. Dada, yeye anakuamini wewe tu. Anasema wewe ndiye mtu pekee asiyemdanganya.

Nakuomba.

Mke wa mwanawe


Ijumaa, 7 Juni

(Kwa rejista, akabidhiwe mwenyewe mkononi)

Shikamoo Mzee wangu,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana mara tatu. Foleni imefika mlangoni na mimi nimeweka kibao cha "Dirisha Limefungwa". Bosi ananitazama.

Nianze na mchezo. Farasi wangu kutoka e5 anakwenda f3, shaha, mfalme wako katishiwa. Askari wako wa g2 anatamani kumla na hawezi. Akitoka tu njiani, mfalme wako anabaki uso kwa uso na ngome yangu ya g8. Mfalme wako anabakiwa na nyumba moja tu, h1. Akienda huko, malkia wangu anakula h2, mati, mchezo umekwisha. Malkia wako yuko mbali kwenye a7 na askari wake mmoja. Nimeangalia siku mbili kama kuna upenyo kwako. Hakuna.

Nilipouona ushindi huu nilisimama kwenye kiti nikagonga kichwa kwenye rafu. Maishani sijawahi kumfunga mtu hata wa alama elfu moja na mia sita. Kisha jioni ileile nikapata barua nyingine, na furaha yote ikaniishia mdomoni.

Mzee, nilikosea. Nilisoma bahasha zako sawasawa, mikunjo ni kweli, grisi ni kweli, mfuko ni wa mwanao kweli. Nikakosa jambo moja: kwamba mtu anaweza kukaa na barua ya mwenzake kwa sababu ameiokota. Wewe hukumpa zile barua. Uliziandika, ukazifunga, ukaziweka chini ya godoro, na kichwa chako kikakuambia umempa. Yeye alizikuta akitandika, akazipeleka posta bila kukuambia, ili usiumie na ili usifungwe mchezo. Miezi mitatu. Mbele ya wajomba alikubali kuwa mwizi, na mimi ndiye niliyempa ukoo wenu fimbo ya kumpigia.

Nimewaza nisikuambie. Ningekuacha uhame Jumamosi na ufunguo wako, ukanywe chai yako. Halafu nikaliwaza jiko. Lilikuwa mara tatu, Mzee, siyo mara moja. Nikisema, nakufungia mlango mimi mwenyewe. Nikinyamaza, nakuacha na moto ndani ya nyumba. Nimezunguka humo siku nzima sioni pa kutokea. Nimeshindwa kukudanganya kwenye ubao, nitakudanganyaje kwenye hili?

Usiniamini mimi. Sijafika chumbani kwako. Inua godoro utazame mwenyewe, na kama hakuna kitu, niandikie matusi yote unayoyajua, nitayapokea.

Nisamehe. Nalia na wino unaenea, usidhani nimekosea tahajia.

Karani


Jumanne, 11 Juni

Binti,

Tarishi aliponipa barua yako nilisoma mchezo kwanza. Nikaupanga ubao. Farasi f3. Nikakaa nikatafuta upenyo kwa saa nzima kama mtu aliyepoteza miwani. Hakuna, umesema kweli. Umenifunga. Ni hatua nzuri kuliko yoyote niliyopigwa miaka kumi hii, nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja. Najisalimisha. Waandikie chama kwamba umeshinda kwenye ubao, siyo kwa saa wala kwa ugonjwa wa mtu, na wakikuuliza waje kwangu.

Kisha nikasoma mengine. Nikakutukana, ndiyo, kwa sauti, jina la mama yako nimelitaja. Nikasema huyu naye kanunuliwa. Nikainua godoro ili nikuumbue.

Zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ya katibu, ya kulalamikia onyo lake. Mwandiko ni wangu, kila neno ni langu, na sikumbuki kuiandika hata herufi moja.

Ya pili ni yako, ya tarehe 25 Mei. Naiweka humu uione. Soma hatua ya ishirini na nne niliyoandika siku hiyo: mfalme h1. Umeelewa? Nilikuwa nimekiona kile kifungo cha g2, nikamtoa mfalme kabla hujafika. Hapo farasi wako angekuja f3 akaliwa kama karanga. Nimekueleza mpaka sababu, nusu ukurasa, kwa majivuno. Halafu nikaificha, nikasahau kwamba niliiona, na siku tisa baadaye nikaenda kula askari wa a7. Kwa hiyo aliyekushinda alikuwepo chumba hiki tarehe 25 Mei. Aliyefungwa ni huyu aliyebaki. Lakini hatua ni ile iliyopigwa muhuri, na mchezo ni wako. Usinirudishie hata alama moja.

Nilikaa sakafuni mpaka mwanangu aliporudi. Aligonga mlango, siku hizi anagonga. Akaziona mkononi mwangu, akasimama pale na mfuko wake wa chakula cha mchana. Nikamuuliza, "Mbele ya wajomba kwa nini hukusema?" Akasema, "Ningesemaje, Baba?" Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha ile mikono ya grisi, akidhani nataka tena kulinganisha. Nikautia ufunguo humo na kuvikunja vidole vyake mimi mwenyewe. Jumamosi siendi. Nimewaandikia wajomba wote wawili kwamba mwizi wa barua nilikuwa mimi, na barua hizo ameziona zikifungwa na amezichukua mbele yangu.

Binti, naogopa. Nimepima milima, nimelala porini na simba, sijawahi kuandika neno hili. Naogopa kwa sababu sijui nimeficha nini kingine, na sijui ni lini nitaacha hata kuogopa.

Barua ya tatu ilikuwa ya kwenda kwa mama wa mwanangu. Nimeiandikia anwani ya nyumbani kwetu, na ndani namuuliza mbona amekawia kuja kunichukua. Tarehe ni ya wiki iliyopita. Mwanangu aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye bahasha. Hakusema kwamba mama yake amekufa. Mimi pia sikusema.

Leo asubuhi akivaa viatu ameniuliza, "Na hii ya Mama?" Nikamwambia aipeleke pamoja na hii yako. Amesimama mlangoni, mfuko wa ovaroli wazi, anangoja nifunge hii azitie zote mbili.

Rula